Poti moja ya kadi ya GPON inaangusha wateja wote: je, niifute kadi kwa board delete?

nuru_tanga (Jumatatu, saa 3:20 asubuhi)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninahudumia OLT moja (mtambo mkuu unaopeleka intaneti kwa wateja kwa njia ya faiba) aina ya Huawei MA5608T iliyofungwa katika chumba chetu kidogo cha mitambo hapa Tanga, nasi tunasambaza intaneti ya faiba Chumbageni na mitaa ya jirani kwa mfumo wa GPON, ambamo faiba moja hugawanywa kwa wateja wengi. OLT hiyo ina kadi moja tu ya laini, H806GPBD yenye poti 8, iliyoko sloti 0/1. Sloti 0/0 iko tupu, na kadi ya udhibiti iko 0/2. Kadi nzima inabeba wateja 212, na kati yao 46 wako katika poti 0/1/3, ambayo mwanga wake hugawanywa na splita ya 1:8 iliyo kwenye boksi kubwa la barabarani, kisha na splita nyingine za 1:8 zilizofungwa kwenye nguzo za mitaa, yaani mgawanyo wa 1:64 ukihesabu hatua zote mbili. Mteja wa mbali kabisa yuko kama kilomita 6 kutoka kwenye OLT.

Tangu Jumamosi jioni wateja wa poti hiyo wanakatika na kurudi, wengine mara kumi kwa saa. Poti nyingine saba za kadi ileile hazina tatizo lolote. Nilipouliza hali zao kwa `display ont info summary 0/1/3` niliona sababu za kuanguka zimeandikwa LOFi (kupotea kwa fremu) kwa baadhi na LOSi/LOBi (kupotea kwa mwanga) kwa wengine. Nilipopima kwa mita ya mwanga kwenye nyumba mbili, nilipata -20.4 dBm na -20.9 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga), viwango ambavyo tumezoea kuviona katika mtaa huo kabla ya tatizo. Jambo jingine lililotushangaza ni kwamba kati ya saa tano usiku na saa kumi na mbili asubuhi hali hutulia kabisa, ndipo msimamizi wetu akahitimisha kuwa kadi inazidiwa na joto la mchana.

Jana mwenzangu aliandika `board reset 0/1`. Wateja wote 212 walikatika, wakarudi baada ya dakika chache, na poti 3 ikaanza upya mchezo uleule kabla hata hatujafunga mlango wa chumba. Sasa msimamizi anataka niifute kadi kwa `board delete 0/1`, niichomoe, kisha nichomeke kadi ya akiba tuliyo nayo, ambayo ni H805GPFD yenye poti 16. Nina hofu tatu, nami naomba mnisaidie kabla sijagusa kitu. Je, nikifuta kadi, usajili wa wateja 212 pamoja na VLAN zao (mitandao ya ndani waliyopangiwa) utapotea? Je, kadi ya poti 16 inaweza kurithi usanidi wa kadi ya poti 8? Na je, ni amri zipi, na kwa mpangilio upi, zitakazonithibitishia kwamba kadi ndiyo mbovu kweli?

---

bara_na_pwani (Jumatatu, saa 4:05 asubuhi)

Salaam kutoka Mombasa, na ahsante kwa kueleza kwa ukamilifu, kwa kuwa maelezo yako yenyewe tayari yana nusu ya jibu.

Kwanza kabisa, usiandike `board delete`. Usanidi wa wateja haukai ndani ya kadi ya laini; unakaa katika hifadhidata ya kadi ya udhibiti, ile iliyoko 0/2, na kadi ya laini hupewa sehemu yake kila inapowaka. Ndiyo maana jana mlipoiwasha upya wateja wote walirudi bila mtu kuandika neno. Kwa hiyo kadi ikiharibika kweli, njia sahihi ni kuichomoa bila kufuta chochote na kuchomeka nyingine ya aina ileile katika sloti ileile, halafu kusubiri `display board 0` ionyeshe Normal. Kadi mpya itapokea usanidi wote na wateja watarudi wenyewe. Amri ya kufuta hufanya kinyume chake: huuambia mfumo kwamba sloti hiyo haina tena kadi wala historia. Na hata ukiiandika leo mfumo utaikataa, kwa sababu kadi yenye service-port haifutiki mpaka hizo service-port (maingizo yanayomuunganisha mteja na VLAN yake) na ONT (vifaa vya faiba vilivyo nyumbani kwa wateja) ziondolewe kwanza. Ninachohofia ni mtu aliyekataliwa na mfumo kuanza kuondoa kimoja baada ya kingine ili tu amri ikubali, hadi ajikute ameifuta kazi ya miaka miwili kwa mkono wake mwenyewe.

Pili, H805GPFD haitarithi usanidi wa H806GPBD. Ukiichomeka katika 0/1 huku mfumo ukisubiri GPBD, utapata alamu kwamba kadi iliyomo si ya aina iliyosajiliwa, na wateja wote 212 watabaki gizani.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Joto halichagui poti. Kadi ikizidiwa na joto, poti zote nane zinapumua hewa ileile na zinategemea saketi ileile ya kuchakata. Pima badala ya kukisia:

```
display temperature 0/1
display cpu 0/1
display alarm history all
```

Kisha ingia kwenye kadi na uitazame poti yenyewe, pamoja na moja iliyo nzima kwa ajili ya kulinganisha:

```
interface gpon 0/1
display port state 3
display port state 2
display ont optical-info 3 all
```

Katika majibu ya `display port state` angalia halijoto ya moduli (kile kipande cha SFP kinachotoa na kupokea mwanga kwenye poti), mkondo wa leza, nguvu ya mwanga unaotoka, na ule mstari unaosema Illegal rogue ONT, yaani ONT inayotoa mwanga nje ya zamu yake. Katika `optical-info` usiangalie tu mwanga ambao ONT inapokea. Angalia hasa safu ya OLT Rx, yaani mwanga ambao OLT inapokea kutoka kwa kila mteja.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya hesabu ifuatayo. Moduli ya daraja B+ hutoa kati ya 1.5 na 5 dBm. Tuseme yako inatoa 3.5. Splita mbili za 1:8 hula takribani 21 dB, kilomita 6 za faiba katika nanomita 1490 hula kama 1.5 dB, na viungo pamoja na konekta tuvipe 1.2 dB. Unabakiwa na -20.2 dBm, na wewe umepima -20.4 na -20.9. Kwa hiyo mwanga wa kushuka uko vizuri sana, kwani ONT ya B+ huvumilia hadi -27 dBm. Lakini LOFi na LOSi ni malalamiko ya OLT juu ya mwanga unaopanda: OLT inasema haioni fremu, au haioni mwanga, kutoka kwa ONT fulani. Faiba ya shina ingekuwa imejikunja au konekta yake imechafuka, njia zote mbili zingeumia, ya kushuka na ya kupanda. Kwako inaumia ya kupanda peke yake. Tuletee majibu ya amri hizo, na tafadhali usiwashe upya kitu chochote mpaka tuyaone, maana kila ukiwasha upya unafuta ushahidi.

---

kisanduku_cha_unguja (Jumatatu, saa 4:40 asubuhi)

Nakubaliana na mwenzangu wa Mombasa kuhusu kutofuta kadi, ila nisingeiacha moduli ya SFP bila kuishuku. Kipokezi cha moduli kinaweza kuchoka huku kitoleo chake kikiwa kizima, nawe ungeona hali hiihii: kushuka kuzuri, kupanda kubaya, na poti moja tu.

Jaribio lake ni rahisi, lakini wengi hulifanya vibaya. Usihamishe faiba kutoka poti 3 kwenda poti nyingine, kwa sababu ONT zimesajiliwa katika 0/1/3, na ukihamisha faiba zitaonekana kama wageni wasiojulikana huko zilikohamia. Hamisha moduli. Chomoa SFP ya poti 3, weka ile ya poti isiyo na wateja, kisha rudisha faiba ileile katika poti 3. Ukifanya hivyo, safisha ncha ya pachikodi (kebo fupi ya faiba) kwa kalamu ya kusafishia, na hakikisha konekta inayoingia kwenye SFP ni ya buluu, kwa maana ya UPC. Ya kijani ina ncha iliyokatwa kwa pembe na haikutani sawasawa na ya buluu. Huku visiwani na kwenu Tanga hewa ya chumvi haina huruma na ncha zilizoachwa bila kifuniko. Wala usichungulie ndani ya konekta, kwani mwanga wa nanomita 1490 hauonekani kwa jicho, ila jicho hudhurika vilevile.

---

nuru_tanga (Jumatatu, saa 8:15 mchana)

Nawashukuru nyote wawili. Msimamizi amekubali kusubiri hadi kesho jioni.

Halijoto ya kadi ni nyuzi 47, na CPU yake haijavuka asilimia 20 katika vipimo vitano nilivyochukua kwa nyakati tofauti. Moduli ya poti 3 inatoa 3.61 dBm, mkondo wa leza ni mA 17, na poti 2 inafanana nayo kwa karibu kila kitu. Mstari wa Illegal rogue ONT unasema Inexistent, yaani haipo, kwa poti zote mbili.

Nilibadilisha moduli kama ndugu wa Unguja alivyoelekeza, kwa kutumia ile ya poti 7 ambayo haina mteja, nikasafisha ncha zote mbili. Hakuna kilichobadilika. Moduli iliyotoka poti 3 nimeiacha katika poti 7.

Safu ya OLT Rx inaonyesha kati ya -21.8 na -24.6 dBm kwa wateja wengi. Wanaoanguka mara nyingi zaidi ni wale wa -24, na walio karibu na boksi kubwa, wenye -21 na -22, huanguka mara chache.

Nimepitia muhtasari wa poti mstari kwa mstari. ONT 45 zina sababu za LOFi au LOSi/LOBi, na zote zimeanguka na kurudi leo hii. Moja tu, yenye namba 17, imeandikwa dying-gasp, Jumamosi saa 17:42 kwa saa ya OLT, na haijarudi tangu hapo. Sikuitilia maanani kwa sababu nilidhani mteja amesafiri na kuzima umeme. Katika historia ya alamu, LOFi ya kwanza kabisa ya poti 3 ilitokea Jumamosi hiyohiyo saa 18:05.

---

bara_na_pwani (Jumatatu, saa 9:02 alasiri)

Ndugu, umeshampata. Nenda nyumbani kwa ONT 17.

Naomba nieleze ninavyofikiri, ili usiende kwa kuniamini tu. Katika GPON, OLT huzungumza na wateja wote kwa pamoja kwa nanomita 1490, lakini wateja hujibu kwa zamu kwa nanomita 1310, kila mmoja katika nafasi ndogo aliyopangiwa ndani ya fremu ya mikrosekunde 125, yaani sehemu 125 za milioni za sekunde moja. Asiyekuwa na zamu anapaswa kuzima leza yake kabisa. Kukiwa na mwanga wowote wa 1310 usiofuata zamu, splita huupandisha hadi OLT kama wa wengine, nao hufunika majibu ya wenzake. Ukiwa na nguvu sana, poti nzima hufa. Ukiwa hafifu, huwaumiza kwanza wale ambao sauti yao ni ya chini, na hao ndio wateja wako wa -24. Wa -21 bado wanasikika juu ya kelele, ndiyo maana huanguka mara chache. Kadi mbovu au moduli mbovu isingepanga waathirika kwa utaratibu huo na kisha ikapumzika kila siku saa tano usiku. Huyo ni mtu anayezima kifaa akienda kulala.

Sasa itazame saa. Dying-gasp ni pumzi ya mwisho ya ONT, ujumbe inaoutuma pale inapokatiwa umeme. ONT 17 ilikatiwa umeme saa 17:42, na dakika 23 baadaye poti ikaanza kuugua. Nadhani mteja aliizima ONT yetu, akachomoa pachikodi, na akaichomeka kwenye kifaa kingine. Ingekuwa ONT iliyoharibika leza, tungetarajia ionekane imesajiliwa au ikijaribu kusajiliwa.

Kuhusu ule mstari wa Inexistent, usikutulize sana. Mfumo unaweza kumtambua mtukutu aliyesajiliwa, kwa kumnyamazisha na kuona kama kelele imekwisha, lakini kwa kifaa ambacho hakielewi lugha ya GPON hauna namna ya kukiamuru. Kwa sababu hiyohiyo, `ont deactivate 3 17` haitakusaidia hapa, ingawa kwa kawaida ndiyo amri ya kwanza ninayoijaribu kwa kila ONT ninayoishuku, kwa kuwa inamgusa mteja mmoja badala ya 212.

---

nyuzi_za_dodoma (Jumatatu, saa 10:30 jioni)

Naongeza neno moja la kazi ya uwanjani, iwapo nyumba ya ONT 17 haifahamiki au mteja hayupo. Mweke mwenzako mbele ya OLT akiwa na dirisha la `display ont info summary 0/1/3`, nawe simama kwenye boksi kubwa. Chomoa tawi moja la splita ya kwanza kati ya manane, subiri dakika tatu, muulize kama matawi mengine yametulia, kisha lirudishe na uende kwenye linalofuata. Tawi ambalo likichomolewa wengine wote wanatulia ndilo lenye kelele. Kisha nenda kwenye splita ya nguzo ya tawi hilo na urudie. Kwa splita mbili za 1:8 hutavuka majaribio 16. Ila lifanye kifaa kikiwa kimewashwa, yaani mchana, la sivyo utazunguka bure.

Nina neno jingine kuhusu usalama wa usanidi, maana katika maelezo yote sijaona mahali uliposema una nakala yake. Miaka michache iliyopita, katika kazi niliyokuwa nayo wakati huo, tulisajili wateja 30 wapya kwa siku mbili bila kuandika `save`. Usiku wa siku ya pili umeme ulikatika, betri zikaisha, na asubuhi OLT iliwaka ikiwa na usanidi wa juzi. Wateja wale 30 walionekana wote katika `display ont autofind all` kama watu wasiojulikana. Tuliwasajili upya mmoja mmoja kwa kusoma karatasi za mafundi, na karatasi mbili hazikupatikana. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa kadi yoyote, mimi huandika:

```
save
backup configuration tftp 192.168.50.10 tanga-kabla.txt
backup data tftp 192.168.50.10 tanga-kabla.dat
```

Anwani ya seva na majina ya mafaili weka ya kwako. Faili la kwanza ni maandishi unayoweza kuyasoma na hata kunakili amri za mteja mmoja. La pili ni hifadhidata yenyewe, kwa siku ambayo kadi ya udhibiti itakufa. Subiri `save` ikamilike, kwa sababu huandika kwa nyuma na hurudisha kishale kabla haijamaliza. Unaweza pia kuwasha `autosave interval on`, lakini mimi huichukulia kuwa kinga ya mtu aliyesahau, na haiondoi wajibu wa kuhifadhi kwa mkono baada ya kuhakikisha kazi imekaa sawa.

Na saa ya OLT, tafadhali. Uchunguzi huu wote umesimama juu ya 17:42 na 18:05. Ingekuwa saa imerudi kwenye tarehe ya kiwandani, kama nilivyokwisha kuona kwenye OLT nyingi, msingejua nani alitangulia kuanguka. Iunganishe na seva ya NTP (inayosawazisha saa kupitia mtandao) na uweke ukanda wa saa tatu mbele ya GMT.

---

nuru_tanga (Jumanne, saa 6:25 mchana)

Ndugu zangu, tumempata, na ilikuwa kama alivyosema ndugu wa Mombasa.

Mteja wa ONT 17 ana nyumba na duka ukutani kwake. Adapta ya umeme ya ONT iliungua Jumamosi jioni. Badala ya kutupigia, alichukua konveta ya faiba aliyobaki nayo kutoka huduma ya zamani iliyokuwa ikitumia faiba yake peke yake kutoka nguzoni, akachomeka pachikodi yetu humo akitumaini itafanya kazi. Nimesoma nyuma ya konveta: inatoa 1310 na kupokea 1550. Kila asubuhi aliiwasha akifungua duka, akiona taa hazikai sawa anaiacha ikiwaka, na usiku akifunga anazima swichi ya ukutani pamoja na kila kitu. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na alisikitika sana alipojua kwamba majirani zake 45 walikatika kwa sababu yake. Kabla ya kuchomoa niliipima: -9.2 dBm. ONT zetu hutoa zaidi ya 1 dBm, kwa hiyo kelele yake ilikuwa chini yao kwa zaidi ya 10 dB, ndiyo maana poti haikufa yote.

Nilichomoa saa nne na dakika tano asubuhi. Mwenzangu aliyekuwa kwenye OLT alinisomea kwa simu: katika dakika nne ONT zote 45 zilikuwa online, na mpaka ninapoandika hakuna hata moja iliyoanguka. Tulimpa mteja adapta nyingine, na ONT 17 ikarudi yenyewe na VLAN yake bila kusajiliwa upya.

Nimefanya pia mambo matatu mengine. Nimechukua nakala mbili kama ndugu wa Dodoma alivyoelekeza. Nimegundua kwamba saa ya OLT ilikuwa nyuma kwa dakika 3, nimeirekebisha. Na nimeanza kuandika katika maelezo ya kila ONT tawi la splita lake, kwa mfano:

```
interface gpon 0/1
ont modify 3 17 desc B5-N2-dukani
```

B5 ni tawi la tano la boksi kubwa, na N2 ni mguu wa pili wa splita ya nguzoni. Jana nilitumia saa nzima kutafuta nyumba hii katika daftari, wakati ingeweza kusomeka kwenye skrini ileile niliyoona dying-gasp.

Limebaki swali la kadi ya poti 16. Msimamizi amefurahi kwamba kadi ya zamani ni nzima, lakini anauliza kama ile GPFD inaweza kutumika badala ya kukaa kabatini.

---

bara_na_pwani (Jumanne, saa 7:10 mchana)

Hongera kwa kazi ya subira, na kwa kumtendea mteja kwa upole. Mwombe tu aweke konveta hiyo mbali, au mnunulieni.

GPFD ichomeke katika 0/0 ambayo iko tupu, ukiwa umevaa mkanda wa kuondoa umeme tuli na umeuunganisha waya wake wa ardhi. Baada ya dakika chache `display board 0` itaionyesha katika hali ya Auto_find. Hapo andika:

```
board confirm 0/0
display board 0
```

Usiendelee mpaka isome Normal. Kadi ya 0/1 haitaguswa na hatua hii. Kabla ya kuchomeka, hakikisha toleo la programu la OLT yako linaitambua kadi hiyo, na kwamba kibadilisha umeme chako kina nafasi ya mzigo wa nyongeza.

Ukitaka siku moja kuhamisha wateja kutoka 0/1 kwenda 0/0, fahamu kwamba namba ya SN (namba ya utambulisho ya ONT) haikubaliki mahali pawili. Ukijaribu `ont add` kwenye kadi mpya huku mteja yuko kwenye ya zamani, mfumo utakataa na kukuambia SN ipo tayari. Mpangilio ni kuondoa service-port zake kwanza, kisha ONT, kisha kumsajili upya:

```
undo service-port port 0/1/3 ont 17
interface gpon 0/1
ont delete 3 17
```

Kwa wateja 46 kazi hiyo iandike mapema katika faili, ukitumia nakala ya maandishi uliyochukua jana: badilisha 0/1/3 kuwa poti mpya, andika `undo smart` mwanzoni ili mfumo usikusimamishe kwa maswali katikati ya kila mstari, na ubandike mistari kumi kumi huku ukisoma majibu. Ifanye usiku, poti moja kwa usiku mmoja. Faiba ihamishwe katika dakika ileile unayomaliza kubandika, ili ONT zikute tayari zimesajiliwa.

Ila kwa sasa mimi nisingehamisha mtu. Wateja wapya wote waanzie 0/0/0, na mliyonayo 0/1 iacheni ilivyo. Zile fedha ambazo msimamizi alikuwa tayari kuzitumia kwa dharura zinunue H806GPBD moja ya akiba, kwa sababu siku kadi hii itakapokufa kweli, ni hiyo pekee itakayorudisha wateja 212 kwa kuchomekwa tu.